Kisahani Kilicholala Juu ya Sakafu ya Mama Kiiza

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nawaambia mapema, nyinyi vijana mnaojifunza kuchomelea, msije mkadhani mnasoma maneno ya mtu aliyekaa ofisini akapigwa na feni. Nimeona mteja akilia machozi kwamba geti lake limeibwa, kumbe amelihamishia kwa shemeji yake ili nimtengenezee jingine kwa bei ya huruma. Nimeona rodi za kuchomelea zikitoka karakanani ndani ya chupa ya uji. Nimeuziwa grainda pale soko la Owino, iko ndani ya boksi lake, na karatasi ya maelezo juu, nikafika nyumbani nikafungua: tofali. Tofali zuri, la kuchoma, limefungwa kwa gazeti. Tangu siku hiyo sinunui kitu ambacho sijakiona kikizunguka.

Shule niliacha darasa la tano, huko kwetu Bungoma. Nilishuka Kampala na shati moja. Leo nina nyumba ya vyumba sita hapa Kasubi na wapangaji watatu, wote wananidanganya kuhusu umeme. Macho yangu yamechoshwa na ule mwanga wa kuchomelea, daktari amenikataza, karakana nimeiuza nikiwa bado nina nguvu za kubishana bei. Msinihurumie. Kuna ngazi za kuzunguka mjini humu ambazo watu wenye shahada husimama juu yake wakapigwa picha za harusi, na aliyezichora ni mimi, kwa kompyuta, kwa vidole hivi viwili.

Leo nataka kuwaeleza habari za kisahani. Nyinyi mtakutana nacho, maana siku hizi hakuna mteja anayekubali geti bila kuliona kwanza kwenye simu. Na mtakiamini. Ndiyo maana naandika.

Zamani sisi tulichora kwa chaki sakafuni. Aliyenifundisha ni Mzee Rajabu, Mnubi, mtu mfupi mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na mdomo mchafu, baba yake alikuwa askari. Huyo mzee alikuwa hamwamini mtu, na alikuwa haamini hata vyombo vyake. Siku yangu ya kwanza alinipa pimamaji, akaniambia niweke juu ya bomba. Nikaweka. Lile povu la ndani ya kioo chake likakaa katikati. Nikasema, "Iko sawa, mzee."

"Umejuaje?"

"Pimamaji imesema."

"Na pimamaji ulishaipima?" Akaichukua, akaigeuza kichwa mguu, akairudisha palepale. Povu likakimbilia pembeni. "Unaona? Chombo kikisema jambo, kigeuze, kiulize tena. Kikijibu vingine, mmoja wenu mwongo, na mara nyingi si bomba."

Hiyo ndiyo elimu yangu. Mengine yote niliyoyapata baadaye yamesimama juu ya hiyo. Hata kompyuta, nilipokwenda kununua, ya mtumba, nilimwambia yule muuzaji akae kitini tuitazame wote hadi betri iishe. Akasema ana wateja wengine. Nikamwambia mimi ndiye mteja anayejua maana ya tofali. Alikaa. Tulikunywa soda mbili mbili.

Wa kunifundisha programu ya kuchora vitu vikaonekana pande zote nilimpata kwa bahati. Nansubuga, binti mmoja aliyesomea kuchora majengo, alikuwa akifanya kazi katika ofisi moja huko mjini, na Jumamosi alikuwa anapita karakanani kwangu akielekea kwa mama yake. Tukakubaliana. Yeye Kiswahili chake ni cha Kampala, kinakwenda kinavyotaka, lakini kichwani ana vitu. Na mimi, kwa sababu nalipa, nilikuwa namwangalia vizuri. Mwalimu anayelipwa kwa somo ana sababu ya kufanya masomo yawe mengi, si ndiyo?

Sikilizeni sasa. Ndani ya programu ile kuna chombo cha kuzungushia vitu. Ukikichukua, kwenye kioo kinatokea kisahani cha duara, kina mistari pembeni kama kipimapembe cha mwanafunzi. Unabonyeza mara ya kwanza: hapo ndipo katikati ya mzunguko, pale pa kupigilia msumari. Unabonyeza mara ya pili: hapo ndipo mkono unaposhika. Mara ya tatu: hapo ndipo unapoachia. Rahisi. Mtoto anaweza.

Tatizo ni kwamba kisahani kinaweza kusimama namna tatu, na kila namna ina rangi. Kikiwa cha buluu, kimelala chini, na kitu kinazunguka kama geti kwenye bawaba zake. Kikiwa chekundu au cha kijani, kimesimama wima, na kitu kinainuka kama lile dirisha la kibanda cha rolex, zile chapati za mayai, linaloinuliwa juu na kuegemezwa kwa kijiti, upande huu au upande ule. Wewe unafikiri ni wewe unayechagua. Si wewe. Kisahani kinachagua chenyewe. Popote unapopitisha kipanya, kinajilaza juu ya uso wowote kinaoukuta hapo. Ukikipitisha juu ya ukuta, kinaegemea ukuta. Ukikipitisha sakafuni, kinalala. Hakina msimamo, kama wale vijana wa vituo vya magari wanaokuambia gari lao linakwenda kokote unakotaja.

Mara yangu ya kwanza kumwonyesha mteja geti likifunguka, nilibonyeza nikiwa juu ya uso wa geti lenyewe badala ya juu ya ardhi. Mteja alikuwa mwenye kuuza vifaa vya boda boda. Nikazungusha kwa mbwembwe. Geti likainuka juu ya hewa, bawa moja, kama kuku anayejikuna.

"Banange!" akasema yule bwana. "Ssebo, hii geti yangu inaenda Entebe kupanda ndege?"

Nilimwambia ni geti la kisasa. Hakukubali, lakini alinipa kazi, kwa sababu alikuwa amecheka.

Nansubuga alipoambiwa alinionyesha dawa yake. "Mzee, hapana bonyeza kwanza. Kwanza angalia rangi. Halafu, kama unataka buluu, bonyeza kale kamshale ka juu, ka kwenye vitufe. Kisahani inafungwa na buluu, hata upitishe wapi haigeuki. Mshale wa kulia, nyekundu. Wa kushoto, kijani."

"Na nisipobonyeza mishale?"

"Itafanya kazi tu. Lakini siku moja itakudanganya."

Siku moja! Nawaulizeni, mngesikia nini hapo? Mimi nilisikia mwalimu anayetaka Jumamosi nyingine. Kitu kama kinafanya kazi, kwa nini nikiongezee kufuli? Nikamlipa, nikamshukuru, na mishale nikaiacha ilale.

Sasa ndio tunafika kwa Mama Kiiza.

Mama Kiiza anashona sare za shule. Duka lake liko katika jengo la zamani karibu na Owino, na alikuwa amekodi chumba cha juu yake pia, aweke washonaji juu, chini abaki na wateja. Kati ya juu na chini hapakuwa na ngazi. Alitaka ngazi ya kuzunguka, kwa sababu inakula nafasi kidogo, na aliitaka kabla shule hazijafunguliwa, kwa sababu wiki zile ndizo anazokula mwaka mzima. "Ssebo," akaniambia, "kama shule inafunguliwa na washonaji wangu bado wanakaa nje kwa barabara, hii ngazi nitaiuza kwa watu wa chuma chakavu, na wewe nitakuimba soko lote." Mama wa watu mia pale sokoni. Akikuimba, umeimbwa.

Nilikwenda kupima mwenyewe. Na hapa niwape siri ya ubora wangu: mimi sipimi chumba, napima chumba kilivyo. Wengine wanachora sakafu imenyooka kama meza kwa sababu sakafu zinatakiwa kunyooka. Mimi niliweka pimamaji, nikaigeuza, nikaiweka tena. Sakafu ya Mama Kiiza ilikuwa imelala, imeinamia mlangoni. Mtu wa zamani aliyejenga alitaka maji ya kupigia deki yatoke yenyewe. Si mlalo mkubwa. Katika urefu wa kidato kimoja cha ngazi, unapata unene wa kidole. Nikaichora sakafu hivyohivyo, na mlalo wake. Nani mwingine Kampala angefanya hivyo? Mnijibu.

Juu ya sakafu ile nikasimamisha nguzo, wima kabisa. Nikachora kidato cha kwanza, kimelala sawa kama maji. Nikachukua kisahani, nikakiweka chini ya nguzo, nikazungusha nakala ya kidato, nyingine, nyingine, hadi duara likakamilika. Kisha kila nakala nikaipandisha mahali pake. Ikatokea ngazi. Nilikaa nikaitazama kama mtu anavyotazama gari lake jipya. Mama Kiiza alipoiona kwenye simu alipiga vigelegele dukani.

Kutoka kwenye mchoro nikatoa vipimo vya kila kidato, ncha ya ndani na ncha ya nje, nikampa Barasa.

Barasa ni mtu wa kwetu, tumetoka upande mmoja. Alikuja karakanani kwangu akiwa hajui kushika rodi, nikamfundisha kama Mzee Rajabu alivyonifundisha, isipokuwa matusi nilipunguza. Kwa kukata na kuchomelea alikuwa wa kawaida. Lakini kulikunja bomba! Bomba la mkono wa ngazi ya kuzunguka lazima lipande huku linageuka, na hakuna mashine ya bei yetu inayojua hilo. Barasa alikuwa akilipasha moto, akilikunja kwa jicho na goti, likitoka kama limezaliwa hivyo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuweza. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu itahitajika huko mbele.

Akiwa katikati ya kazi aliniita. "Kaka, hiki kidato kinainama. Ni mtindo?"

"Fuata mchoro."

"Mchoro ndio unataka kiiname?"

"Barasa, mchoro umetoka kwenye kompyuta. Kompyuta haina usingizi kama wewe."

"Haya," akasema, akashusha kinyago chake cha kuchomelea. "Mimi ni mkono tu."

Tukaipeleka ngazi, tukaisimamisha, bomba la mkono likiwa bado. Mama Kiiza alikuja kuizindua akiwa na sanduku la nyuzi mkononi. Akapanda vidato vichache, akaweka reli moja ya uzi wa buluu, kile kibiringo cha cherehani, pembeni ya kidato ili ashike kanga yake. Ile reli ikaanza kutembea. Pole pole, haina haraka, ikafika ukingoni, ikaanguka. Uzi ukafunguka hadi mlangoni.

Mama Kiiza akainamia sanduku lake. Akaweka nyingine. Ikaenda vilevile.

"Ssebo," akasema, "mimi Kiswahili yangu ni ya sokoni, lakini macho yangu iko sawa. Hii ngazi imelewa."

Niliweka pimamaji. Niliigeuza. Vidato vya chini vilikuwa sawa. Vya katikati, upande wa pili wa nguzo, vilikuwa vimelala unene wa vidole viwili. Vya juu kabisa vilikuwa sawa tena.

Hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka, na nataka mfuate hesabu yangu, kwa sababu ilikuwa hesabu nzuri. Kama ningekuwa nimekosea mimi, kosa lingekuwa kila mahali. Kosa la kweli ni la kijinga, halichagui. Hili lilikuwa limeanza polepole, likakua katikati, likajificha tena mwishoni. Kitu kinachojificha kina akili. Na kitu chenye akili kina mtu nyuma yake.

Nilirudi karakanani nikafungua mchoro. Kweli, vidato vya katikati vimelala mle ndani ya kioo, vimelala kama vilivyolala dukani. Mimi nilikuwa nimevitazama kwa mbele tu, kwa pembe nzuri ya kuonyesha mteja, na kwa pembe ile huoni kitu. Nikafuta vidato vyote isipokuwa cha kwanza, nikazungusha upya. Vikalala tena. Nikafungua karatasi mpya, tupu, haina duka wala sakafu, nikachora nguzo na kidato, nikazungusha. Sawa kama maji! Nikarudi kwa Mama Kiiza. Vikalala.

Basi. Kompyuta nzima, mchoro mmoja tu ndio mgonjwa. Kompyuta inamjua Mama Kiiza? Ina ugomvi naye? Kuna mtu alikuwa anataka kazi hii iharibike, mtu anayejua faili lake liko wapi, na anayefaidika mimi nikiimbwa sokoni. Nansubuga nilimfikiria, maana ofisi yao nayo inachora ngazi. Halafu nikamfikiria Barasa. Barasa alikuwa ameanza kuulizia bei ya kibanda Kalerwe. Barasa alikuwa na funguo. Barasa alikuwa wa kwanza kusema kidato kinainama. Amejuaje mapema hivyo?

Jioni nilinyunyiza unga wa muhogo juu ya vitufe vya kompyuta, kidogo sana, kama vumbi, nikafunga nikaondoka. Asubuhi unga ulikuwa palepale, haujaguswa. Mtu mwingine angesema basi, Barasa ni safi. Mimi nikajiuliza: ni mwizi gani asiyejua kupulizia unga mwingine nyuma yake?

Nikamwita.

"Barasa, nani anakutuma?"

"Wapi? Mimi nilikuwa naenda kunywa chai."

"Nani anakutuma kugusa mchoro wa Mama Kiiza?"

Alinitazama, akadhani natania. "Kaka, hiyo kompyuta yako mimi naiogopa. Siku ile uliponiambia nizime muziki, si nilichomoa waya ukutani?"

"Karatasi tupu inakubali. Mchoro wa Mama Kiiza unakataa. Nielezee."

"Nielezee nini? Wewe ndiye mwenye kuchora."

"Na Kalerwe unatafuta nini?"

Hapo uso wake ukabadilika. Akatazama meza, akaona weupe kwenye vitufe. Akapitisha kidole, akakinusa. "Huu unga ni wangu?" akauliza. "Ulinitegea mimi? Nilidhani ni wa panya." Akavua glavu, moja, nyingine, akaziweka juu ya fuawe. Akatoa ufunguo wa karakana mfukoni, akauweka juu ya glavu. "Nilitafuta kibanda Kalerwe kwa ajili ya mke wangu auze mandazi, Bwana Wekesa."

Alikuwa hajawahi kuniita Bwana Wekesa. Alitoka. Sikumwita. Mtu mwenye hatia pia hutoka hivyohivyo, nilijiambia, na hadi leo nasema ni kweli, hutoka hivyohivyo.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Nikampigia simu Nansubuga, na si kwa kuomba somo. Nilimwita kama mtu anavyoita polisi: aje anionyeshe Barasa alipitia wapi. Na yeye pia nilikuwa sijamtoa kwenye hesabu, kwa hiyo nilimwekea kiti mbali na meza, nikamwambia haruhusiwi kugusa, atazame tu.

"Sawa, mzee," akasema, amekunja mikono. "Zungusha nione."

Nikachukua kisahani, nikakileta chini ya nguzo. Nikawa tayari kubonyeza.

"Simama hapo. Kisahani iko rangi gani?"

"Nyeusi."

"Kwa nini nyeusi?"

"Ndivyo ilivyo siku zote hapo."

"Ya siku zote! Mzee, mimi nilikufundisha nyeusi?" Akawaza kidogo. "Sogeza kipanya, toka nje ya duka, mpaka pale hakuna kitu."

Nikasogeza. Kisahani kikawa buluu.

"Rudisha."

Nikarudisha juu ya sakafu. Kikawa cheusi. Nikatoa, buluu. Nikarudisha, cheusi. Mikono yangu peke yake juu ya kipanya, mlango umefungwa, hakuna mtu.

"Nani amekigusa?" akauliza.

Nikasogeza tena, nje, ndani. Buluu, cheusi.

"Nani alichora sakafu ikalala?"

"Mimi. Sakafu ya Mama Kiiza ndivyo ilivyo."

"Umepima vizuri sana, mzee. Vizuri mno. Kwa ofisi yetu wote wanachora sakafu imenyooka, ndiyo maana hawapatangi hii shida."

Nawaeleza sasa kwa Kiswahili cha karakana. Kisahani kilikuwa kimejilaza juu ya sakafu, na sakafu ina mlalo, kwa hiyo kisahani nacho kina mlalo, na msumari wa mzunguko umeinama. Si buluu, si nyekundu, si kijani. Hakifuati njia yoyote kati ya zile tatu, ndiyo maana ni cheusi. Cheusi kinakuambia: mimi nimelala juu ya kitu, nenda kaangalie ni kitu gani. Ukizungusha kidato kilicho sawa juu ya msumari ulioinama, kinaanza kuinama kidogo kidogo. Kikifika upande wa pili, nusu ya duara, mlalo umekuwa mara mbili: kidole kimoja cha sakafu kikawa viwili. Kikimaliza duara, kimerudi sawa. Hakujificha mtu. Duara ndivyo linavyokwenda. Na kwenye karatasi tupu hapakuwa na sakafu ya kulalia.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla hujabonyeza, tazama rangi, na rangi ikikuambia jambo, iulize tena. Bonyeza mshale wa juu, kisahani kifungwe kwenye buluu, ndipo ukipeleke chini ya nguzo. Sakafu itakiita na hakitakwenda. Ukisahau mishale, iko njia nyingine: chora kisanduku kidogo pembeni, kilicho sawa, pitisha kisahani juu yake kiwe buluu, shika kile kitufe cha herufi kubwa usikiachie, kirudishe kwenye nguzo kikiwa kimefungwa hivyohivyo. Na siku utakayotaka kweli kuzungusha kitu kwenye mhimili ulioinama, kama vile vishikio vya mkono wa ngazi, bonyeza usiachie, uvute kipanya kufuata ule mstari ulioinama, ndipo uachie. Kisahani kitaukubali mstari huo kuwa msumari wake. Ukimaliza, tazama kazi kwa ubavu, tazama kwa nyuma, toa ule mtazamo wa kamera unaofanya vya mbali vionekane vidogo, maana unaficha mengi. Mama Kiiza alitazama kwa reli ya uzi. Alitazama vizuri kuliko mimi.

Nansubuga sikumwambia kwamba nilimshuku. Nadhani alijua, kwa sababu ya kile kiti. Alipoondoka alisema, "Na Barasa iko wapi? Sijamwona," nikasema amekwenda nyumbani mara moja.

Nilichora upya, buluu, sawa kama maji. Nikavikata vile vidato vya katikati kwa mikono yangu, nikavichomelea upya, macho yakinitoka machozi. Mama Kiiza akaweka reli ya uzi kwenye kila kidato, kila kimoja, amenitazama usoni. Hazikutembea. Ikabaki bomba la mkono. Ngazi ya kuzunguka isiyo na mkono ni mtego, na washonaji wake wawili walikuwa wajawazito. Akasema hakuna atakayepanda hadi liwepo.

Nililipasha moto bomba la kwanza mwenyewe. Lilitoka kama nyoka aliyemeza mbuzi. Nikamwita fundi mmoja wa Katwe anayejisifu kuliko mimi. Alilipasua. Siku zilizobaki zilikuwa chache mno kwa kujaribu la tatu.

Nikapanda boda hadi Kalerwe.

Kibanda kilikuwa nyuma ya wauza ndizi za matoke. Mbele mke wake anakaanga mandazi, nyuma Barasa ana mashine ndogo ya kuchomelea ya kukodi na mwavuli uliotoboka. Aliniona mapema. Akafuta mikono.

"Karibu, mteja."

"Barasa, ni mimi."

"Nakuona. Karibu, mteja. Kaa." Akanipa stuli. Mke wake akaniletea chai na mandazi mawili, hakunisalimu.

Nikamweleza habari zote za kisahani, buluu na cheusi, msumari ulioinama, kidole kikawa viwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, na maswali aliyouliza yalikuwa ya fundi.

"Kwa hiyo ni sakafu," akasema.

"Ni sakafu."

"Na sakafu hukuifukuza."

Chai ilikuwa ya moto, nikashughulika nayo. Kisha nikamwambia nataka bomba la mkono, na siku zenyewe ni hizi. Akauliza kipenyo, akauliza kimo, akakokotoa kwa chaki kwenye bati. Akanitajia bei. Kazi ileile, mnakumbuka, aliyokuwa akiifanya ndani ya mshahara wake, akiimba.

"Barasa, mimi na wewe tumetoka upande mmoja."

"Ndiyo. Ni mbali sana kule," akasema. "Bei ndiyo hiyo, mteja."

Nilijaribu mlango mwingine, na mwingine. Nyinyi mnanijua, nimeshusha bei za watu wagumu. Hakupandisha sauti na hakushusha shilingi. Akalikunja bomba kwa goti lake, akaja nalo dukani siku moja kabla shule hazijafunguliwa, akalifunga, na Mama Kiiza akapanda hadi juu akitelezesha mkono wake juu yake bila kukwama popote. Washonaji wakaanza kupandisha cherehani mchana uleule.

Nilimlipa Barasa mlangoni. Nilikuwa nimezihesabu nyumbani, nikazihesabu tena njiani, nikazihesabu mbele yake. Akazitia mfukoni, akachukua mfuko wake wa vyombo.

"Hesabu," nikamwambia. "Watu wanapunjana."

"Ya nini?" akasema, akapanda boda yake akaenda.

Zilikuwa shilingi milioni moja, laki nne na elfu sabini, bei yake kamili.